Maua Yanayobanduliwa: Mara Yangu ya Kwanza Mbele ya Beatriz Milhazes

Jamani, macho yangu! Niacheni nipumue kwanza. Nilikwenda jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, na nikifumba macho bado naona maduara yakizunguka: ya waridi, ya machungwa, ya kijani kibichi, duara ndani ya duara, ua juu ya ua, lesi chini ya ua, lulu juu ya lesi. Mchoraji ni Beatriz Milhazes, Mbrazili, mzaliwa wa Rio de Janeiro mwaka 1960. Jina nilikuwa nalijua. Picha zake nilishaziona kwenye simu mara nyingi, na kwenye simu, tuseme ukweli, zinaonekana pambo zuri la ukutani na basi. Simu haionyeshi ngozi ya mchoro. Na kwa Milhazes, ndugu msomaji, ngozi ndiyo habari yote.

Maonyesho yalipewa jina la Rigor and Beauty. Yalifunguliwa tarehe 7 Machi 2025 na yakaendelea hadi tarehe 7 Septemba mwaka huo. Hayakuwa makubwa: kazi kama kumi na tano hivi, kuanzia mwaka 1995 hadi 2023. Nashukuru kwamba hayakuwa makubwa. Zingekuwa hamsini ningetolewa nimebebwa. Uti wa mgongo wake ulikuwa michoro mitano ambayo ni mali ya Guggenheim yenyewe: Santa Cruz ya 1995, In albis ya 1995 na 1996, As quatro estações ya 1997, kisha Paisagem carioca na O cravo e a rosa, zote mbili za mwaka 2000. Hiyo mitano peke yake inatosha kumpanga mtu upya.

Ukiwa mbali kinachokukamata ni wingi. Maua yamejaa hadi pembeni na mengine yamekatwa na ukingo wa turubai, kana kwamba bustani inaendelea upande wa pili wa ukuta. Ua moja linajirudia hapa kubwa, pale dogo, kule limezibwa nusu na duara la mistari. Hakuna mahali pa kupumzisha macho. Unatafuta katikati ya mchoro, unadhani umeipata, mara duara jingine linakuita kutoka kona ya chini kulia, ukifika huko unasukumwa tena juu. Nilijikuta natembeza kichwa kama mtu anayefuata ngoma asiyoiona. Na rangi! Waridi kali limewekwa ubavuni mwa chungwa kali, samawati imebanwa na kahawia, dhahabu imepita katikati bila kuomba radhi. Kwa kanuni za darasani rangi hizi zingegombana. Hapa zinagombana kweli, lakini kwa mpango, na mpango huo ndio unaokufanya usiondoke.

Halafu nikasogea.

Nikasogea mpaka pale mlinzi anapoanza kukutazama vibaya. Nikatafuta alama za brashi. Hakuna! Hakuna mkwaruzo wa nywele za brashi, hakuna rangi iliyotuna, hakuna ile fahari ya mchoraji kuonyesha kwamba mkono wake ulipita hapa. Uso wa mchoro ni laini na bapa, karibu kama kitu kilichochapwa. Lakini tazama tena kwa makini. Kwenye ukingo wa petali kuna kipande kimebanduka. Ndani ya duara jekundu kuna tundu dogo, na kwenye tundu hilo rangi ya chini inachungulia. Lulu moja katika safu ya lulu imechubuka, ya pili nzima, ya tatu imebaki nusu. Uso ambao kwa mbali ulionekana mpya kabisa, kwa karibu una makovu mwili mzima. Hapo ndipo niliposhikwa, na mpaka naandika haya sijaachiliwa.

Siri ni namna anavyofanya kazi. Milhazes hachori maua yake moja kwa moja kwenye turubai. Tangu mwaka 1989 amekuwa akiyachora kwa rangi ya akriliki juu ya karatasi za plastiki angavu, ua moja moja, nakshi moja moja. Anasubiri rangi ikauke. Kisha anaipaka gundi, anaibandika plastiki kifudifudi kwenye turubai, na ikishashika anaibandua plastiki. Rangi inabaki, plastiki inatoka. Mwanamke yeyote wa pwani aliyewahi kupakwa hina anaijua hali hii mwilini mwake: ua linachorwa, linaachwa likauke, linabanduliwa, na hujui limetokaje mpaka umelibandua.

Fikiria maana yake. Kwanza, kila kitu kinatoka kimegeuka, kulia kuwa kushoto. Pili, rangi aliyotangulia kuipaka kwenye plastiki ndiyo itakayokuwa juu kabisa watu waione, na ya mwisho ndiyo itakayozama chini. Kwa hiyo mama huyu anafikiri kinyumenyume: anaanza na kitone cha mwisho cha ua, lile jicho la katikati, kisha petali, kisha kivuli chake, kisha kitako kinachobeba vyote. Tatu, na hili ndilo linalonipa kichaa, hawezi kuamuru ubanduaji. Rangi nyingine inakataa kuachana na plastiki. Inachanika. Inaacha kipande nyuma. Wachoraji wengi wangelirekebisha ua hilo kwa brashi ndogo na kunyamaza. Yeye analiacha. Ukingo uliochanika unabaki umechanika, na ua la jirani yake, lililotoka zima, linauonyesha zaidi.

Na bado sijafika kwenye utamu wenyewe! Zile plastiki hazitupwi. Anazitunza kwenye karakana yake na kuzitumia tena, nyingine kwa zaidi ya miaka kumi. Kila ubanduaji huacha mabaki ya rangi kwenye plastiki, na ua jipya likichorwa juu yake linaweza kuchukua mabaki hayo na kuyahamishia kwenye mchoro mpya. Kwa hiyo ua unaloliona kwenye mchoro wa mwaka 2000 linaweza kuwa limebeba ukoko wa ndugu yake wa miaka ya 1990. Nilirudi kwenye Santa Cruz, nikaenda tena kwenye Paisagem carioca, nikarudi tena, nikiwinda nakshi zenye nasaba. Mlinzi alishanizoea.

Sasa nieleze kwa nini nimepagawa hivi. Tumezoea kudhani kurudia ni uvivu au ni kiwanda. Ua likichorwa mara mia, tunasema la kwanza lilikuwa sanaa na tisini na tisa ni nakala. Andy Warhol alilijua hilo na akalichezea kwa makusudi: maua yake ya mwaka 1964 yalichapwa kwa skrini, moja baada ya jingine, na ubaridi wa mashine ndio uliokuwa ujumbe. Milhazes anachukua kifaa hichohicho cha kurudia na kukigeuza tumbo nje. Kila marudio kwake ni hatari mpya. Ua halirudiwi kwa sababu ni rahisi kulirudia. Linarudiwa kwa sababu haliwezi kutoka lilelile mara mbili, na tofauti zile ndogo, chubuko hili, mpasuko ule, zisingeonekana kama lingechorwa ua moja tu. Ili uione ajali unahitaji safu nzima. Hiyo ndiyo kazi ya wingi katika michoro hii, na ndiyo maana asiyesogea karibu anaondoka akisema ameona mapambo.

Neno hilo, mapambo, limewanyima heshima wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 msanifu wa Vienna, Adolf Loos, aliandika kwamba nakshi ni sawa na uhalifu, na nusu ya Ulaya iliyojiona ya kisasa ikamwitikia. Ukuta mweupe ukawa akili; ua likawa upuuzi wa wanawake, la kwenye vitambaa vya kufuma vya mezani, pazia na gauni. Sisi tuliokulia katika nyumba ambazo kanga ndiyo kazi ya rangi iliyosanifiwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote chumbani, hatukuulizwa. Katika Marekani ya miaka ya 1970 kina mama kama Miriam Schapiro na Joyce Kozloff waliinuka na kusema basi, na wakachora nakshi na vitambaa kwa makusudi mazima. Milhazes amekuja baada yao na hana haja ya kubishana. Anaweka lesi, kufuma, mikunjo ya magauni, mikufu ya lulu, nakshi za makanisa ya Kibaroko yaliyojengwa Brazili zama za Wareno, anaweka vyote kwenye turubai pana kuliko mikono yako iliyonyooshwa, na hakuna anayethubutu kumwambia ni kazi ndogo.

Rio imo ndani ya kila kitu. Karakana yake iko mtaa wa Jardim Botânico, ubavuni mwa bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1808, wakati mfalme mtarajiwa wa Ureno, Dom João, alipoihamishia serikali yake huko kumkimbia Napoleon. (Msomaji wa Unguja asikilize hapa: miche ya mwanzo iliyoijaza bustani ile ililetwa mwaka 1809 kutoka Mauritius, na mikarafuu yetu nayo ilifika kutoka visiwa vya Mauritius na Réunion mwanzoni mwa karne hiyohiyo. Mimea ya Rio na ya Unguja ina wajomba pamoja.) Halafu kuna kanivali, na magari yake ya mapambo yanayometameta. Kuna mawimbi meusi na meupe ya mawe kwenye njia ya watembea kwa miguu ya Copacabana. Kuna chita, kitambaa cha pamba cha bei rahisi chenye maua makubwa ya kupiga kelele, kinachovaliwa kwenye sherehe za mwezi Juni. Ukishaijua chita, nusu ya maua ya Milhazes unayasalimia kwa majina.

Lakini msimfanye mtu wa kijijini aliyeokotwa na maua yake. Alisoma kwanza uandishi wa habari, kisha akaingia shule ya sanaa ya Parque Lage, hukohuko Rio. Mwaka 1984 shule hiyo iliandaa maonyesho makubwa ya vijana zaidi ya mia moja, naye akiwamo. Udikteta wa kijeshi ulioanza mwaka 1964 ulikuwa unakata roho. Mwaka 1985 wanajeshi walikabidhi madaraka kwa raia. Kizazi kilichotangulia kilikuwa kimebanwa na sanaa ya dhana, maandishi na ukimya. Vijana hawa walitaka rangi, na walitaka kuchora. Nikitazama In albis nikiwa na mwaka ule kichwani, furaha yake hainionekei nyepesi tena.

Naye anakula kila kitu. Brazili ina itikadi nzima ya ulaji huo: mwaka 1928 mshairi Oswald de Andrade alitoa ilani yake ya ulaji wa watu, akitaka Wabrazili wautafune utamaduni wa Ulaya na kuumeng'enya uwe damu yao, na mchoro wa Tarsila do Amaral ndio uliomchochea. Milhazes ni mjukuu wa karamu hiyo. Mezani pake yupo Matisse wa miaka ya mwisho, yule mzee aliyekata karatasi za rangi kwa mkasi. Yupo Mondrian pia, na hapo nilishtuka, kwa sababu Mondrian na maua wapi na wapi? Kaa nao kidogo utaona. Chini ya fujo yote kuna gridi, kuna miraba na mistari inayoshikilia maduara yasimwagike. Yupo na Bridget Riley, Mwingereza wa mistari inayotetema. Wanaotembea haraka wanaona maua, wasione hesabu inayoyabeba.

Kipenzi changu? O cravo e a rosa, bila kusita. Jina limetoka kwenye wimbo wa watoto unaojulikana na kila Mbrazili, ambamo ua la karnesheni na waridi wanagombana na kuumizana. Maua yaliyoumia! Hapo nikacheka peke yangu, maana yeye ni mchoraji ambaye kila ua lake limechubuliwa na plastiki. Sijui kama alikusudia utani huo. Mimi nimeuchukua.

Si kila kitu kilinitoa pumzi, na nisipolisema nitakuwa mpiga debe tu. Kadiri miaka inavyosonga, michoro inanyooka. Mistari na vipande vya kijiometri vinachukua nafasi, maua yanageuka kuwa alama za maua, na makovu ya ubanduaji yanapungua kwa sababu fundi amekuwa fundi mno. Kuna mahali macho yangu yaliteleza tu, hayakukwama. Namtaka yule wa miaka ya 1990 ambaye plastiki ilikuwa bado inamshinda kidogo. Hata hivyo Mistura sagrada ya mwaka 2022 ilinirudisha mbio: majani, maumbile, maduara, vyote vimerejea na nguvu ya mtu aliyefungiwa na ugonjwa wa dunia nzima akitazama bustani dirishani. Hapo jiometri na ua hawashindani tena.

Kolaji zake zinastahili dakika zako, hata kama watu wanazipita. Zimetengenezwa kwa karatasi za chokoleti na peremende, na mifuko ya dukani, vile vinavyometa ambavyo watoto huvilainisha kwa kucha na kuviweka ndani ya vitabu. Hapa hakuna plastiki wala kubandua. Nakshi imechapwa tayari na kiwanda, na yeye anaikatakata mpaka inaacha kuuza chokoleti.

Ya bei niyapitie haraka, maana wapo wasioamini sanaa bila bei. Mwaka 2012 mchoro wake Meu Limão uliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola milioni 2.1 za Marekani. Haya, tuendelee. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mwaka 2003 aliiwakilisha nchi yake kwenye Biennale ya Venice, na mwaka 2024 akarudi hukohuko kwenye banda la sanaa za matumizi, lililoandaliwa pamoja na jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London, akiwa na michoro mikubwa iliyochota kutoka vitambaa vya tamaduni mbalimbali za dunia. Aliyeambiwa ua ni kazi ya mapazia ameingia mlango wa mbele akiwa ameshika pazia.

Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya michoro yake, nakusihi usianze kwa kupiga picha. Simama mbali kwanza mpaka uchoke na wingi. Kisha chagua nakshi moja tu, rozeti au mkufu wa lulu, na uifuatilie mchoro hadi mchoro. Tazama kwa ubavu, taa ikiwa inapiga kwa mshazari, ndipo utaona mipaka ya kila ngozi ya rangi ilipobandikwa juu ya nyingine. Hesabu machubuko ukiweza. Mimi nilipoteza hesabu kwenye In albis na nikaanza upya na nikapoteza tena. Ukiwa New York na bado una miguu, panda basi hadi jumba la makumbusho la MoMA, ambako wanao mchoro wake Succulent Eggplants wa mwaka 1996. Uliza kwanza kama umetundikwa, maana hautoki ghalani kila msimu, na kama umetundikwa nitumie ujumbe haraka, nakuja mbio.